Kibanda cha Mlango Mmoja

Kaa karibu, rafiki, na kama una kikombe mkononi kiweke chini kwanza. Tangu nirudi karakana hapa Vwawa, kila anayefuata kiti chake au kitanda chake ananiuliza swali moja: ni kweli ulisimama kwenye mvua nje ya nyumba tupu, iliyo kavu, yenye kuni? Ni kweli. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nitaeleza mara moja, hatua kwa hatua, tena polepole, ili hata wale ambao si watu wa kwetu Ileje waelewe.

Anza na jambo hili, maana bila hili utaniona mwendawazimu. Kwetu Wandali, baba mkwe na mkamwana wake, yaani mke wa mwanawe, hawaonani. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hakai naye nyumba moja, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu wa tatu. Si chuki, ni heshima, ila ni heshima yenye jasho. Kanisani tumefundishwa kwamba mambo hayo yamepita, nasi tukaitikia amina. Jumapili hiyohiyo nilimwona mzee mmoja wa kanisa, mwenye suti, akiruka mtaro na kujificha kwenye mahindi kwa sababu mke wa mwanawe alikuwa anakuja na ndoo.

Sasa, mwanangu Yona yuko Kitwe, kwenye migodi ya shaba. Mkewe, Subilaga, alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa kwa mama yake binti. Mama yake anakaa upande wa Itumba, ng'ambo ya mlima. Alituma neno mara mbili kwamba binti yake aletwe kabla siku hazijatimia, na mara ya tatu akatuma neno kwamba hatatuma tena. Hakukuwa na mwanamume mwingine wa kumpeleka. Ilibidi nimpeleke mtu ambaye siruhusiwi kumtazama.

Nikakaa chini nikapanga. Juu ya mlima kuna kibanda cha walinzi wa msitu, na mlango wake niliutengeneza mimi mwenyewe, Bwana Miti, ofisa wa misitu, aliponiagiza. Nakijua: chumba kimoja, mlango mmoja, na pembeni jiko la mlinzi. Dada yangu Tupoke angefuatana nasi awe mdomo wa pande zote mbili. Wanawake wangelala kibandani, mimi jikoni. Nilihesabu unga, maharage, chumvi, blanketi tatu na mkeka. Mpango ulinipendeza kiasi cha kuwaeleza watu ambao hawakuniuliza.

Vwawa hadi Tunduma, ingawa hatukuwa tunakwenda Tunduma

Tulipata lori la mahindi. Dereva aliwaweka wanawake mbele pamoja naye, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia. Kwa desturi yetu hiyo ni nafasi nzuri kuliko zote, maana kati yangu na mkamwana kulikuwa na ukuta wa chuma.

Tulitakiwa kushuka Mpemba. Nilimwagiza dada amwambie dereva. Dada alimwambia, dereva akakubali, kisha dada akalala, na dereva akaanza kumsimulia Subilaga habari za gari lake, habari ambazo bila shaka zilimsahaulisha Mpemba. Niliiona Mpemba inakuja. Nikainua mkono nigonge paa la kichwa cha gari, ndipo nikatambua kwamba chini ya paa hilo, mahali hasa mkono wangu unapofika, kuna kichwa cha mkamwana wangu. Je, baba mkwe anaruhusiwa kugonga juu ya kichwa chake? Sikuwahi kufundishwa. Nilijaribu kufikia upande wa dereva, gunia likateleza, nikateleza nalo. Nilipopata jibu lililoniridhisha, kwamba dharura inaruhusu, tulikuwa tunaona mabati ya Tunduma.

Tunduma: nguzo ya duka na kibuyu

Pale mpakani nilisimama nyuma ya nguzo ya duka, uso ukutani, nikisubiri dada atafute lori la kuturudisha. Wanawake walikaa kibarazani. Mama mmoja Mbemba wa ng'ambo ya mpaka, muuza samaki wadogo wakavu, alinitazama mimi, akamtazama Subilaga na tumbo lake, akatikisa kichwa. Akanifuata nyuma ya nguzo.

"Tata," yaani baba kwa lugha yao, akaniambia kwa Kiswahili chake cha biashara, "mke anabeba mimba yako, wewe unamnunia, unatazama ukuta?"

Nikamweleza kwamba si mke wangu. Hapo nikawa nimeharibu zaidi. Nikamweleza tena, taratibu, nikianza na Yona na migodi ya Kitwe, na yeye alisikiliza vizuri sana. Mwisho akasema amenielewa: mume yuko Kitwe, na mimi mzee nimemchukua mke wake. Aliniacha na kwenda kumpa Subilaga samaki wa bure wa kumfariji, na dada yangu, badala ya kunitetea, akala nao.

Dada alikula samaki, akala viazi, kisha akakaribishwa kibuyu cha munkoyo, kile kinywaji cha mizizi wanachopenda watu wa ng'ambo. Kikichachuka siku moja ni kitamu, kikichachuka siku tatu ni dawa ya tumbo ambayo hukuihitaji. Dada alikunywa cha siku tatu. Jioni tulifikia kwa ndugu wa mke wangu, Mnamwanga mwenye nyumba mbili, Mungu ambariki kwa hiyo ya pili, na asubuhi dada hakuweza kusimama.

Mimi nilitaka tungoje. Dada alikataa. Alisema ameliona tumbo la Subilaga, limeshuka, na yeye amezaa sita, anajua. Binti asipofika kwa mama yake kesho kutwa, atazaa njiani. Nikamuuliza: nani atakuwa mdomo? Dada alinyoosha mkono kwenye kikapu. Humo kulikuwa na kuku jike mwekundu, zawadi yake kwa wakwe.

"Huyu nimemlea mwenyewe," akasema. "Anasimama mahali pangu. Semeni naye."

Nilidhani ni homa. Subilaga, upande wa pili wa mlango, alikwisha kukichukua kikapu.

Mpemba hadi chini ya mlima

Lori jingine liliturudisha Mpemba, safari hii nikiwa nimekaa upande wa dereva. Kutoka pale ni miguu. Nilitangulia, na Subilaga alikuja nyuma, mbali kiasi kwamba nikikohoa asikie. Kila njia panda niliweka tawi bichi juu ya njia isiyo yetu. Kila kijito nilivuka, nikaketi kilimani nikiwa nimekipa mgongo, hadi niliposikia maji yakipigwa tena na miguu.

Mwenye mimba hutakiwa kupumzika mara nyingi, na mimi sikuweza kumwona amechokaje. Nikamsimamisha mtu mmoja mbeba chumvi aliyekuwa anarudi tulikotoka. Nikamwomba: ukikutana na binti mwenye mimba, mwambie mzee wa mbele anasema aketi kivulini, ale, asinyanyuke mpaka jua lipinduke. Akaahidi. Nami nikaketi kivulini, nikangoja kama nilivyoagiza.

Jua lilipinduka. Nikasikia kikohozi cha kike karibu sana, kwa adabu, kile cha kusema mbona hatuendi. Kumbe Subilaga alikuwa amekaa nyuma yangu muda wote, hana habari ya ujumbe. Mbeba chumvi aliufikisha, tena kwa uaminifu, kwa binti mwingine mwenye mimba aliyemkuta kwanza akipalilia kando ya njia, ambaye hakumjua mzee yeyote wa mbele lakini alilipenda sana shauri lake. Mpita njia aliyetufuata alitueleza kwamba binti huyo alitupa jembe, akaketi, na mama mkwe wake alipofoka akajibu kwamba ni amri.

Ndipo nikaona afadhali kuku. Nikasema bila kugeuka, nikijisikia mjinga kuliko siku zote za maisha yangu, "Kuku, muulize aliyekubeba kama anaweza kuendelea."

Nikasikia nyuma yangu: "Kuku, mwambie baba naweza, ila polepole."

Yakawa ndiyo mazungumzo yetu. Jioni mzee wa kanisa wa kijiji kilicho chini ya mlima alitupokea, akatulaza nyumba tofauti, akatupa maziwa ya mgando na ugali wa ulezi. Alinionya kwamba mvua za Machi zimekuwa mbaya juu. Nilimjibu kwamba nina mpango.

Kibandani

Kupanda kulichukua siku nzima. Ukungu ulishuka saa tisa, na mvua ikaanza tukiwa tunauona mgongo wa mlima. Si mvua ya huku Mbozi inayopiga na kuondoka. Ile hukaa, ina baridi ya kisu, na inakuja kutoka pembeni.

Niliona kibanda, nikamshukuru Mungu. Kisha nikaliona jiko, au tuseme mahali lilipokuwa. Lilikuwa limeanguka lote, udongo na nyasi, na fito zimesimama kama mbavu. Mlinzi, Ambokile, hakuwepo. Baadaye nilisikia kwamba tangu jiko lianguke alikuwa akilala kijijini kwake na kupanda mchana tu. Ufunguo ulikuwa juu ya fremu, kama siku zote. Nikafungua. Ndani pakavu, kuni kavu, mafiga matatu, kitanda cha kamba. Nikauacha mlango wazi, nikazunguka hadi ukuta wa nyuma, nikajibana chini ya ukingo wa paa. Ukingo ule ni mfupi. Maji yaliniingia shingoni yakatokea miguuni.

Nilimsikia Subilaga akifika, akisimama. Hakuingia.

"Kuku," nikapaza sauti, "mwambie aliyekubeba aingie, awashe moto."

"Kuku, mwambie baba aingie yeye. Mimi bado nina nguvu."

"Kuku, mwambie nikiingia mimi, yeye hataweza kuingia."

"Kuku, mwambie baba najua. Lakini nikaote moto, na baba wa mume wangu ananyeshewa nje? Nitamwambia nini Yona?"

Rafiki, fikiri hapo. Yeye hawezi kuwa ndani mimi nikiwa mvuani, kwa heshima. Mimi siwezi kuwa ndani naye, kwa heshima. Kwa hiyo tulisimama, mmoja mbele na mmoja nyuma, tumelowa, na katikati yetu nyumba nzuri ilikuwa kavu kabisa, haina mtu. Nilimwamuru, kwa njia ya kuku. Akanikatalia, kwa njia ya kuku, kwa maneno matamu ambayo usingeweza kuyakasirikia. Nikatishia kushuka mlimani peke yangu. Akaniambia kwamba atanifuata.

Sijui tungesimama mpaka lini. Nadhani mpaka mmoja aanguke, na tungezikwa kwa sifa. Lakini alipokuwa ananijibu mara ya sita au ya saba, sauti yake ilikatika katikati ya neno. Ikakaa imekatika muda mrefu. Kisha akamalizia neno lile kana kwamba hakuna kitu.

Nimezaliwa watoto watano. Kukatika kule nakujua.

Nilitazama ukuta mbele ya pua yangu. Ukuta wa fito na udongo. Nikajiuliza: hivi nyumba ni nini? Mimi ni seremala. Mtu akija kuniambia anajenga nyumba mpya, mimi simuulizi paa, namuuliza mlango. Nyumba yenye mlango wake ni nyumba. Nikachomoa panga.

"Kuku," nikasema, "mwambie aingie asimamishe kile kitanda katikati ya chumba, atundike blanketi juu yake. Upande wa moto ni nyumba yake. Upande wa huku ni nyumba yangu, na sasa hivi naijengea mlango."

"Kuku," akasema, na nikasikia kama anacheka, "mwambie baba asijikate."

Udongo uliolowa ni laini. Nilikata fito nne, nikatoboa tundu la kumtosha mbwa mkubwa, nikatambaa kwa magoti na viwiko, mimi mwenye miaka hamsini na tatu, niliyeaminiwa na kanisa ufunguo wa stoo ya misheni. Nikaziba tundu kwa mkeka. Upande wa pili moto ulikuwa umeanza kulia. Maharage yaliwekwa. Bakuli langu lilisukumwa chini ya blanketi na mkono ambao sikuutazama.

Giza lilipoanza kuingia nilisema, "Kuku, muulize anajisikiaje."

Niliuliza mara mbili.

"Kuku amelala, baba."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza mkamwana wangu aliyoniambia mwenyewe, bila mtu kati, tangu aolewe. Na ni kweli, kuku akishaficha kichwa kwenye manyoya huwezi kumtuma. Kisha upande wa pili akasema, kwa sauti ndogo, "Maumivu yamekuja mara nne tangu tufike. Naogopa."

"Hata mimi," nikamwambia.

Hakukuwa na mwanamke wa karibu kuliko nusu siku ya kutembea. Kushuka gizani kwenye utelezi ule ni kumuua. Sikuwa na dawa, na mambo ya uzazi si yangu. Kitu ninachokijua ni mbao. Basi nikaanza kumweleza jinsi mlango ule wa mbele ulivyotengenezwa. Nilianza na mti, mninga, kwa nini ulikatwa kiangazi na si masika. Nikaja kwenye kukausha, kupasua, kuranda. Nikamweleza jinsi unavyochonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine, vikutane. Maumivu yakija alinyamaza, nami niliendelea kwa sauti ileile, nikirudia palepale mpaka apumue.

Aliuliza swali moja tu. Alitaka kujua kwa nini sikupigilia misumari, ingekuwa haraka. Nikamwambia mbao hunenepa mvua ikija, hukonda jua likiwaka. Msumari haukubali, hupasua. Ulimi na tundu ukiviachia nafasi ndogo, mlango unatikisika kidogo lakini hauvunjiki. Akasema, "Kumbe." Nilikuwa nimefika kwenye bawaba nilipogundua kwamba naongea peke yangu. Alikuwa amelala, na maumivu hayakurudi tena.

Kushuka hadi Itumba

Kukakucha kweupe. Nilitoka kwa mlango wangu, yeye kwa wake, na kuku akarudi kazini kana kwamba hakuacha zamu. Tuliteremka taratibu, tukapumzika kwenye kila jiwe, na kabla ya jioni mama yake alikuja kutupokea na wanawake watatu. Walimchukua. Mimi nilikalishwa kwenye kigoda migombani, mbali, na mzazi mwenzangu akaja kusimama mbele yangu.

Hakunisalimu hata. "Jana mmelala wapi?"

Nilijua linalopimwa. Kama tulilala nyumba moja, ingebidi wazee wakae, mbuzi wa faini watoke, watu waulize, na mtoto angezaliwa katikati ya mashauri, na mama yake akiwa na aibu asiyoitafuta. Nilifungua mdomo nieleze kuanzia mwanzo, kama kawaida yangu. Kabla sijafika kwenye jiko lililoanguka, sauti ilitoka ndani ya nyumba.

"Mama, baba alijijengea nyumba yake nyuma ya yangu."

Mama akageuka. "Alijenga kwa muda gani?"

"Maharage yalikuwa hayajaiva."

Alinitazama: matope kwenye magoti, kwenye viwiko, kwenye ndevu. Akauliza, "Ilikuwa na mlango?"

"Nilipita humo mwenyewe," nikasema.

"Basi ni nyumba," akasema, na akaagiza niletewe maji ya kunawa.

Habari ya kuku kulala hatukuisema, yeye wala mimi. Wewe nimekuambia kwa kuwa hujui kufika Itumba.

Mtoto alizaliwa siku ya tatu, wa kike. Nilimsikia kutoka migombani. Ana sauti ya kutosha, hatahitaji wa kumsemea.

Kurudi

Nilirudi kwa njia ileile peke yangu, nikiwa nimebeba fito mpya na nia ya kuziba ukuta wa serikali kabla haujaonekana. Nilichelewa. Ambokile alikuwa amekaa mbele ya tundu langu, anavuta kiko. Nikaanza kuomba radhi. Akaniacha nimalize, na hilo lilichukua muda.

Kisha akauliza kama naweza kulipanua kidogo na kuliwekea mlango wa kweli. Mama wa mke wake amesema atakuja kumtembelea hapo kazini, na kwao pia hawaonani. Alikuwa amepanga kuhamia porini wiki nzima.

Nilikaa siku mbili nikautengeneza. Kwa hiyo sasa kibanda kile kina milango miwili, na wapita njia wa kwetu wameanza kukitumia. Ukifika pale, usifungue mara moja. Piga hodi mlango wa mbele, hesabu polepole mpaka ishirini, ndipo uingie. Aliye ndani anaweza kuwa anahitaji muda wa kutokea nyuma.